Hadi Lini? Mazungumzo juu ya Kitenzi "Adjourn" na Siku Iliyomo Ndani Yake

Mazungumzo haya niliyatoa jijini Mwanza mbele ya makarani na wakalimani wa mahakama, pamoja na makatibu wa vikundi vya mialo, yaani sehemu za ufukweni ambako mitumbwi ya uvuvi hutia nanga. Nimeyaandika upya kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ya kufika, na nimeondoa yale niliyorudia.

Ndugu mwenyekiti, ndugu makarani na wakalimani, ndugu makatibu mliotoka visiwani, nawasalimu kwa Kisukuma: mwangaluka.

Nilipoombwa kuzungumza nanyi juu ya Kiingereza cha mahakamani na cha vikao, walioniomba walitarajia nije na orodha ndefu ya maneno. Nimekuja na neno moja. Ni kitenzi ambacho katika miaka yangu ya ukalimani nilikitafsiri karibu kila siku ya kazi, mara nyingine mara kumi kabla ya saa sita mchana, na ambacho kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikitafsiri nusu. Kitenzi hicho ni adjourn.

Tangu shuleni tumefundishwa kwamba adjourn ni kuahirisha, na sisemi kwamba tafsiri hiyo ni kosa. Ninalosema ni kwamba kitenzi cha Kiingereza kimebeba siku tumboni mwake na chetu hakikubeba, kwa hiyo mkalimani anayevuka kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kulijua hilo huiacha siku ile imesimama gatini.

Tuanze na asili. Kilatini kilikuwa na neno dies, yaani siku. Kutokana na hilo likapatikana diurnus, lenye maana ya kitu cha siku au cha mchana, na kwa safari ya karne nyingi, midomo ya watu ikiisaga di ile ya mwanzo hadi ikawa sauti moja laini, Wafaransa wakabaki na jour, ambalo mpaka leo ndilo neno lao la siku. Wafaransa wa kale wakaunda kitenzi ajorner, ambacho ukikifungua utakuta kinasema tu "kwenye siku". Waingereza walikipokea katika karne ya 14. Herufi d mnayoiona leo katikati yake iliingizwa baadaye na waandishi waliotaka neno lifanane zaidi na Kilatini, na haikuongeza chochote katika maana. Ni koti la suti kwenye jua la saa nane.

Maana ya kwanza ya kitenzi hiki katika Kiingereza itawashangaza kidogo. Kilichotendwa hakikuwa kikao, alikuwa ni mtu. Mtu alipangiwa siku ya kufika mbele ya wenye mamlaka, jambo ambalo sisi leo tungeliita kumpa mtu wito wenye tarehe. Baadaye ndipo kitenzi kikahama kutoka kwa mtu kwenda kwenye shauri lake, na kutoka kwenye shauri kwenda kwenye kikao chenyewe, hadi Mwingereza akaweza kusema kwamba mahakama au kamati ime-adjourn bila kutaja imefanya hivyo kwa nani wala kwa jambo gani.

Ukoo wa neno hili ni mkubwa na mnaufahamu bila kujua kuwa ni ukoo. Neno journal, ambalo wasomi wetu hulitafsiri kuwa jarida, lilikuwa daftari la mambo ya kila siku. Journey, ambalo kwetu ni safari, lilikuwa mwendo wa siku moja, na mzee yeyote wa Usukuma aliyepima umbali kwa kuhesabu mahali pa kulala njiani angelielewa bila kamusi. Fundi aliyekwisha kuhitimu lakini bado anafanya kazi kwa mwingine kwa malipo ya siku aliitwa journeyman. Sisi mfanyakazi wa kutwa tulimwita kibarua, kutokana na kile kikaratasi alichopewa ili siku zake zihesabike. Waingereza waliishika siku yenyewe, sisi tukakishika cheti chake. Nalipenda jambo hili, ingawa halina msaada wowote katika kazi yenu.

Lenye msaada ni hili linalofuata, kwa sababu linatuhusu sana. Kitenzi cha Kifaransa kilifikaje kwenye mahakama za Uingereza? Kilifika na watawala. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia nchi ile mwaka 1066, lugha ya wakubwa ikawa Kifaransa, na mahakamani watu wa sheria wakazungumza Kifaransa na kuandika Kilatini huku mkulima aliyeshtakiwa akijua Kiingereza peke yake. Hali hiyo ilidumu kwa karne kadhaa. Mwaka 1362, chini ya Mfalme Edward III, ilitungwa sheria iliyosema kwamba mashauri yazungumzwe kwa Kiingereza kwa kuwa Kifaransa hakijulikani vya kutosha katika nchi. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, na iliagiza kumbukumbu ziendelee kuandikwa kwa Kilatini. Waingereza walingoja hadi mwaka 1733 ndipo ikaanza kutumika sheria iliyoamuru kwamba mwenendo wote wa mahakama, pamoja na maandishi yake, uwe katika lugha ya wananchi.

Naona baadhi yenu mnatabasamu, na najua kwa nini. Sisi tuliokaa kwenye mahakama za wilaya na kuendelea juu tuliishi maisha ya mwaka 1362. Mahakama za mwanzo zilikuwa na Kiswahili chake tangu zamani, lakini kuanzia wilayani shahidi alisema Kiswahili, wakili akauliza kwa Kiswahili, hakimu akacheka kwa Kiswahili, kisha kalamu ikaandika Kiingereza. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ndiyo iliyoigusa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama na mabaraza. Kwa hiyo ninyi ndio kizazi kinachorudisha kwenye Kiswahili maneno ambayo Waingereza waliyatoa kwenye Kifaransa, nami nawaomba myakague kabla ya kuyatia sahihi.

Sasa tulitazame neno letu. Ahirisha limetokana na Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya nyuma, mwisho, kuchelewa. Ni mzizi uleule uliotupatia akhera. Kuahirisha jambo, kwa asili ya neno, ni kulisukuma nyuma. Halisemi lisukumwe hadi wapi. Ndiyo maana mtu anayesema kwamba kesi yake imeahirishwa hadi akhera anafanya utani wenye elimu kuliko anavyodhani, kwa kuwa maneno yale mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa mantiki hiyo, ndugu halisi wa ahirisha katika Kiingereza ni postpone, ambalo kwa Kilatini chake ni kuweka nyuma. Mwingereza mwangalifu huyatenganisha mawili haya. Mkutano ambao haujaanza, na umesogezwa mbele kwa sababu mgeni rasmi hajafika, hutumia postpone. Mkutano uliokwisha kuanza, watu wamekaa, ajenda ya kwanza imejadiliwa, kisha ukasimamishwa ili uendelee siku au saa nyingine, hutumia adjourn. Kiswahili chetu kinayafunika yote mawili kwa neno moja, na msomaji wa muhtasari anayekuta kwamba "kikao kiliahirishwa" hawezi kujua kama wajumbe walikaa wakala chai ya kikao au walirudishwa mlangoni. Kwa mkaguzi wa hesabu za kikundi, hiyo si tofauti ndogo.

Naomba niwasimulie kosa langu mwenyewe. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa kazi. Mzee mmoja wa Ukerewe alikuwa amefungua shauri la kudai bei ya mashine ya boti, na kila tarehe alivuka kutoka Nansio, akalala kwa jamaa yake, na asubuhi akafika mahakamani kabla ya walinzi. Siku hiyo upande wa pili haukuwa tayari. Hakimu alisema kwa Kiingereza sentensi moja fupi, kwamba shauri lime-adjourn hadi tarehe fulani ya mwezi unaofuata kwa kusikilizwa. Nikamgeukia mzee nikamwambia, "Mzee, kesi yako imeahirishwa." Akanijibu, "Asante mwanangu," akachukua kofia yake, akatoka. Tayari nilikuwa nimeshaita jina la shauri lililofuata.

Tarehe ilibaki kwenye jalada. Mzee alirudi kisiwani akangoja kuitwa, kwa kuwa katika akili yake, na kwa Kiswahili sanifu kabisa, jambo lililosukumwa nyuma humngojea mwenyewe aliyelisukuma. Siku ilipofika hakuwepo, na shauri likaondolewa kwa sababu ya kutohudhuria. Ilimlazimu kuandikiwa maombi ya kulirejesha, na likarejeshwa, lakini kwa nauli na siku ambazo hakuna aliyemlipa. Tulipokutana tena alinivuta pembeni akaniambia kwa upole ambao mpaka leo unanichoma: "Mwanangu, ningejua kuahirishwa kuna siku yake, ningekuuliza."

Hakuna aliyenifundisha maana ya adjourn vizuri kuliko mzee huyo, na sheria yenyewe iko upande wake. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, katika Amri yake ya 17, inairuhusu mahakama kuahirisha usikilizwaji, kisha papo hapo inaitaka ipange siku ya kuendelea. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inasema shauri liahirishwe hadi wakati na mahali maalumu, vitakavyotajwa mbele ya wahusika na wakivisikia. Angalieni neno kusikia. Walioandika sheria hizo kwa Kiingereza walijua kwamba kitenzi chao kimeshiba siku, lakini hawakuridhika. Wakaitamka siku kwa sauti, na saa, na mahali. Sisi ambao kitenzi chetu hakina siku tungepaswa kuitamka mara mbili.

Watumishi wa Bunge wanalijua hili kuliko sisi wa mahakamani, na nawasifu kwa hilo. Fungueni taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge letu mtazame mistari ya mwisho ya siku. Hamtakuta Bunge limeahirishwa hewani. Mtakuta limeahirishwa hadi siku fulani ya juma, tarehe fulani, saa tatu asubuhi. Mkutano mzima unapofika ukingoni, Waziri Mkuu husimama kutoa hoja ya kuahirisha Bunge, akahutubia kwa kirefu juu ya mambo ya nchi, lakini kazi ya kisheria ya hotuba yote hiyo imo katika sentensi inayotaja Bunge litakutana tena lini. Kwa mapumziko ya mchana kiti, yaani Spika au anayeongoza kikao, hutumia neno jingine, husitisha shughuli hadi saa kumi jioni, na utengano huo ni mzuri sana: kusitisha kwa saa, kuahirisha kwa siku, na kuvunja pale Bunge linapofikia mwisho wa uhai wake. Makatibu wa mialo, hapo ndipo pa kuiga. Waliopo mkienda kula, kikao kimesitishwa. Mkikubaliana kurudi Jumanne, kimeahirishwa. Ajenda zikiisha zote, kimefungwa, hata kama mwenyekiti kwa mazoea atasema "naahirisha kikao".

Nitapita haraka kwenye matumizi mengine mawili. La kwanza ni la kisiasa: mbunge anaweza kuomba shughuli za Bunge ziahirishwe ili lijadiliwe jambo la dharura, na hapo kitenzi cha kusimamisha mazungumzo kinakuwa ufunguo wa kuanzisha mazungumzo mengine. La pili ni la mezani. Mwingereza wa tabaka fulani, akisha kula, husema wageni wame-adjourn kwenda sebuleni, na siku zote kuna chembe ya mzaha ndani yake, kana kwamba chakula kilikuwa kikao rasmi. Mkikutana nalo katika hadithi msiandike kwamba wageni waliahirishwa. Walihamia sebuleni, basi.

Wamarekani nao wameijali siku hii hata kuihesabu. Katiba yao inasema kwamba, wakati wa mkutano wa bunge lao, hakuna baraza kati ya yale mawili linaloruhusiwa ku-adjourn kwa zaidi ya siku tatu bila ridhaa ya jingine. Baraza moja lisije likaenda nyumbani na kuliacha la pili likikaa peke yake.

Sasa nataka tutoke kwenye vitabu twende stendi. Muulizeni kijana yeyote pale nje kesi ya jirani yake imefikia wapi, na yamkini atawajibu kwamba imepigwa kalenda. Usemi huu wasomi huukunjia uso, lakini utazameni. Umewekwa na watu waliokaa kwenye mabenchi ya mahakama, ambao hawakusoma Kifaransa wala Kilatini, na bado wamekirudisha ndani ya usemi wao kitu ambacho ahirisha ilikiacha nje, yaani siku. Kalenda ni neno la Kirumi. Kalendae ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi, siku ambayo riba za madeni zilidaiwa, na daftari la mkopeshaji likaitwa kalendarium. Kwa hiyo mtu wa Mabatini au Igogo hapa Mwanza anayesema kesi imepigwa kalenda amekaribia asili ya adjourn kuliko mkalimani mwenye cheti. Ameongeza na malalamiko pia, kwa maana neno kupigwa halikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Siwashauri muliandike kwenye mwenendo wa shauri. Nawashauri mlisikilize.

Na makatibu mliotoka mialoni mna mfano mwingine bora, ambao hamkuuazima kwa mtu. Mvuvi wa dagaa anavua kwa taa, na taa hazina kazi mbalamwezi ikiwa imejaa, kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga ambao umetapakaa ziwa zima. Basi mwezi unapokua, mitumbwi inapandishwa, nyavu zinashonwa, vijana wanakwenda kuwaona wazazi. Hakuna anayeuliza kazi imesimama hadi lini, kwa kuwa kila mtu, hata mama anayengoja kuanika dagaa juu ya mawe, anazijua siku za giza zitakazorudi. Kazi haikufungwa wala haikusukumwa nyuma. Imewekewa siku. Hiyo ndiyo adjourn, nami sijaona tafsiri yake iliyo safi zaidi.

Kinyume chake tunakijua sote tuliowahi kukaa gatini na mizigo yetu siku ya upepo, tukasikia kipaza sauti kikisema safari imeahirishwa, kisha kipaza sauti kikazimwa. Watu mia wanainuka kwa pamoja na swali moja la maneno mawili: hadi lini? Swali hilo ni sarufi. Msikilizaji anadai kijalizo, yaani maneno ya kukamilisha maana, ambacho msemaji amekinyima kitenzi chake.

Limebaki jambo moja, nalo ni shauri lisilopangiwa siku. Waingereza walijikwaa hapo. Baada ya kujifunga na kitenzi chenye siku ndani yake, walihitaji namna ya kusema kwamba kikao kimesimama na siku haijulikani, ikawabidi wakope tena Kilatini na kuandika adjourn sine die. Sine die ni "bila siku". Ukitafsiri neno kwa neno, wamesema "kupelekwa kwenye siku, bila siku", na wameishi na mgongano huo kwa karne nyingi bila haya. Warumi wenyewe walikuwa na namna yenye ucheshi zaidi. Inasimuliwa kwamba Kaisari Augusto, akimzungumzia mdaiwa asiyelipa, alisema atalipa kwenye kalendae ya Wagiriki, na Wagiriki hawakuwa na kalendae.

Kiswahili hapa kina bahati. Kwa kuwa ahirisha haina siku, haigongani na kukosekana kwa siku, na hatari yetu ni ile ya upande wa pili: shauri lenye tarehe na shauri lisilo na tarehe yanasikika sawa masikioni mwa mwenye shauri. Nimewaona makarani wakiandika "limeahirishwa hadi itakapotangazwa", na wengine "hadi taarifa nyingine". Haya yanapita. Mimi napendelea "limeahirishwa bila kupangiwa siku", kwa sababu linaitaja siku ili kuikana, na mtu hawezi kulisikia akadhani amesahau kuambiwa kitu.

Kwa lile lenye siku, msitafute kitenzi kimoja kipya. Nimewahi kuona mapendekezo ya kuunda kimoja, na yote yalikuwa mazito mdomoni. Ahirisha inatosha, mradi isiachwe peke yake. Iandikeni pamoja na siku ya juma, tarehe, saa na mahali, na msemaji akitaja kimoja tu, mkalimani aombe ruhusa aulize vilivyobaki kabla ya kugeuka kwa mwenye shauri. Kisha mwambieni anayetoka Nansio arudie tarehe kwa mdomo wake mwenyewe mkiwa mnamsikia, na kama haijapangwa, mwambieni waziwazi kwamba haijapangwa, ili asipande meli mpaka atakapopata wito.